Njuga Zilizojazwa Pamba

Habari ya msiba ilinikuta jikoni nikikaanga karanga. Shija, mtoto wa kaka yangu, alipiga simu kutoka Maswa akaanza na salamu zote, ya nyumba, ya watoto, ya mvua, na nilijua kabla hajafika mwisho, maana Shija si mtu wa salamu. "Shangazi," akasema, "mzee ametutoka asubuhi hii." Nikasema sawa. Nikamuuliza wanazika lini, akasema kesho mchana, nikasema sawa tena, nikarudi kugeuza karanga zisiungue. Mchana ule nilikula ugali wangu wote. Binti yangu alikuwa akinitazama kama anayesubiri sufuria ichemke, nikamwambia aache kunitazama aoshe vyombo. Maduhu alikuwa kaka yangu wa pekee, tuliyezaliwa naye tumbo moja, na nilikaa nikingoja kilio kije, kikachelewa, nikaona nisikae bure, nikaenda kufungasha. Chini kabisa ya sanduku la bati, chini ya vitenge ambavyo sivai tena, kulikuwa na furushi la kanga kuukuu. Nikalitoa. Ndani yake mlikuwa na njuga, jozi mbili za kufunga miguuni, na hazikulia hata nilipozitupa kitandani. Mimi mwenyewe ndiye niliyezijaza pamba zisilie, mwaka nilipokuwa na miaka kumi na saba.

Mwaka ule tulikuwa tunaishi Kasoli, nyumba ya matofali mabichi yenye vyumba vitatu, na chumba cha katikati kilikuwa cha babu yetu, Guku tulivyomwita kwa Kisukuma. Macho yake yalikuwa yamekwisha. Kila msimu wa pamba chumba chake ndicho kilichogeuzwa ghala, kwa sababu ndicho kilichokuwa hakivuji, na tangu wiki ya kwanza ya kuvuna, pamba ilianza kupanda ukutani hadi Guku akabaki na kitanda chake na kinjia cha kutokea. Yeye hakulalamika. Aliegemea lile lundo jeupe mchana kutwa, joto limemjaa mgongoni, akitafuna michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga, na mbegu za pamba zikamganda kwenye shuka na kwenye nywele. Mama alizoea kumchambua kichwa kama anavyochambua mchele. Nikifunga macho sasa, chumba kile nakiona vizuri kuliko sura ya kaka yangu alivyokuwa mwaka jana, na hilo linanisumbua, ingawa si sana.

Mpira nyumbani kwetu ulikuwa ni Marobota. Ilikuwa timu ya kiwanda cha kuchambua pamba pale Bariadi, na kwenye karatasi ilikuwa na jina refu la heshima, lakini watu waliita Marobota kwa sababu ya yale mafungu ya pamba iliyoshindiliwa yaliyokuwa yakipakiwa kwenye malori. Guku aliipenda toka siku ya kwanza vijana wa kiwanda walipopiga mpira uwanjani, akampa baba, baba akampa Maduhu. Nasema akampa kwa sababu ndivyo ilivyosemwa, kama mtu anavyopewa ndama. Mimi hakuna aliyenipa. Nilikuwa naijua timu nzima kwa majina, nafasi na magonjwa ya magoti, nilikuwa naweza kumwambia baba kwa nini tulifungwa na akanyamaza, lakini katika kugawana mali ya namna hiyo binti hahesabiwi, kwani ataolewa aende kwenye timu ya watu.

Sasa Guku alikuwa na kosa lake kuhusu mpira, na kosa lile ndilo lililotulea. Ujana wake alikuwa mcheza ngoma. Kwetu, baada ya mavuno, makundi mawili ya ngoma hucheza siku moja, uwanja mmoja, kila kundi upande wake, na hapana mwamuzi wa filimbi. Watazamaji wenyewe ndio huhukumu. Wanakwenda wanakovutwa, wanahama, wanarudi, na jua likiinama kundi lililozungukwa na watu wengi ndilo limeshinda. Guku alipouona mpira aliuona hivyo hivyo. Magoli aliyachukulia kama mbwembwe za wachezaji. Alikuwa akifunga njuga zake miguuni, anasimama nyuma ya goli la wapinzani, anapiga miguu chini na kuita watu waje upande wa Marobota, na wakija basi tumeshinda. Tumewahi kupigwa manne bila akarudi nyumbani anaimba. Watu wa mjini walicheka mpaka wakashika mbavu, na baba, aliyesoma mpaka darasa la nane, alijaribu miaka yote kumweleza. "Baba, wametufunga manne." Guku alimjibu, "Waliokuja kwetu walikuwa wangapi na waliokwenda kwao walikuwa wangapi?" Macho yalipokwisha, tukawa sisi wajukuu ndio tunapanda baiskeli Jumapili kwenda Bariadi kuangalia na kurudi kumsimulia, na swali lake lilikuwa moja tu. Watu walikuwa upande gani?

Maduhu alikuwa amechezea Marobota msimu mmoja, winga wa kushoto, miguu myembamba kama ya korongo. Guku alikuwa ameshatangaza kwamba njuga ni zake, atavalishwa mbele ya watu mechi ya mwisho ya msimu. Kisha, kabla mavuno hayajaisha, watu wa Binza kule Maswa wakaja kumchukua. Walikuwa na timu yao nzuri, sisi tuliwaita Mashudu, yale makapi ya mbegu za pamba wanayolishwa ng'ombe, na wao walikuwa na majina yao juu yetu ambayo siyaandiki. Walimtafutia kazi ya dukani na chumba cha kulala. Aliondoka Jumatatu juu ya lori la pamba, na shati moja la ziada. Hakuaga. Kabla ya kupanda alinipungia mkono kutoka barabarani nami nikiwa na ndoo kichwani, sikuweza kumpungia. Baba aliporudi shambani akaambiwa, hakupiga kelele. Alinawa, akala, akasema kwamba jina la huyo kijana lisitajwe hapa uani pamoja na jina la Mashudu, na kwa kuwa tangu siku ile hayo majina mawili yalikuwa hayatengani, jina la kaka yangu halikutajwa tena.

Jioni ile niliwasikia baba na mama. Ukuta wa jikoni ulikuwa wa fito na udongo, na udongo ulikuwa umedondoka nusu, kwa hiyo mtu anayeosha vyombo nje alikuwa kama amekaa nao mezani. Mama alisema, "Na mzee tumwambieje?" Baba akasema, "Mzee asijue. Atakufa." Mama akapuliza moto, akasema, "Si anamsubiri amvalishe?" Baba akasema, "Kabula ndiye anayemsimulia. Kabula atajua la kusema." Nilikuwa nimeshika sufuria ya mlenda. Nakumbuka nilifurahi. Ni aibu kuandika, lakini ndiyo kweli yenyewe. Kwa mara ya kwanza baba alikuwa amesema kuna jambo la Marobota ambalo mimi ndiye ninayelijua.

Basi ikawa Jumapili baada ya Jumapili nakwenda peke yangu na baiskeli ya baba, narudi jua likingali juu, naingia kwenye kile kinjia kati ya kitanda na pamba, namwamkia. "Mwadila, Guku." "Mwadila, ng'wanone. Kaa hapo. Maduhu amecheza?" Namjibu amecheza. Wala haukuwa uongo mtupu, maana Jumapili ile ile kule Maswa alikuwa akicheza kweli, nilikuwa nikiwauliza madereva wa malori. "Amecheza vizuri?" "Vizuri, Guku." "Watu walikuwa upande gani?" "Kwetu." Anacheka, ananipa kipande cha michembe kutoka mfukoni mwa koti lake, kina nyuzi za pamba, nakila hivyo hivyo. Nilizidi kuwa hodari. Nilimpa Maduhu mbio ambazo hakuwahi kukimbia, nikampa krosi, nikamvunja jino mlinzi mmoja wa watu, na Guku akasikitika juu ya lile jino. Mama alipita mlangoni akanitazama kwa jicho la huruma. Mimi sikuhitaji huruma. Nilikuwa mtu mwenye kazi yake.

Mechi ya mwisho ya msimu Binza walikuja Bariadi. Nilisimama nyuma ya goli, mahali pa Guku, na Maduhu akatoka na jezi ya watu. Alikuwa ameongezeka mwili. Hakuniona, au aliniona. Dakika za mwisho akampita mlinzi wetu upande wa kushoto, mlinzi ambaye walikuwa wakila naye sahani moja, akatufunga. Hakushangilia. Aliokota mpira wavuni mwenyewe akaurudisha katikati, na pale wavuni tulikuwa hatua tatu mimi na yeye, akasema, "Kabula," basi, jina langu tu, na mimi nikatazama pembeni. Wale watu wachache waliotoka Maswa juu ya lori wakaruka wakaimba. Halafu nikaona jambo ambalo sikulitaka. Watu wetu, wa Bariadi, vijana wa kiwandani, wakaanza kuhama. Mmoja mmoja, wakizunguka kona, walikwenda kusimama upande ule wa kushoto alikokuwa akikimbia, ili wamwone kwa karibu. Filimbi ilipolia upande wetu tulikuwa mimi, mzee mmoja mwenye ng'ombe wake wawili, na mama muuza miwa.

Nilirudi Kasoli nikanawa uso kabla ya kuingia chumbani. Guku alikuwa amekaa wima, amevaa koti lake la misa. "Maduhu amecheza?" "Amecheza." "Amefunga?" Hakuwa na kawaida ya kuuliza magoli. Nikasema amefunga. "Na watu walikuwa upande gani?" Nikasema, "Upande wetu, Guku." Alichomoa mbegu ya pamba shukani, akaivingirisha vidoleni, kisha akasema, "Kabula, upande wetu ni upi?" Akasema, "Wabeba pamba wanaingia humu kila siku. Wanafikiri asiyeona hasikii. Kijana yuko Binza tangu mavuno." Sauti yake haikuwa ya hasira, na mimi niliitaka iwe ya hasira. Akapapasa chini ya mto, akatoa njuga zimefungwa kwenye kanga ya marehemu bibi, akanipa mkononi. "Mpelekee. Mwambie avae kule kule aliko. Watu wamemfuata, nimesikia. Mimi sina neno naye, mwambie hivyo. Mwambie Guku amecheka." Nikasema, "Ndiyo, Guku." Akarudia, "Mwambie nimecheka." Na kweli alikuwa akicheka, meno yake matatu yote nje.

Ningeweza kupanda lori kesho yake. Malori ya Maswa yalipita mlangoni. Nilijiambia kesho, nikajiambia kesho nyingine, na njuga zikawa chini ya kitanda changu, na kila nikifagia zinalia, kidogo tu, na mama anauliza ni nini hicho. Ndipo nikachukua pamba chumbani kwa Guku, kwenye lundo lile lile aliloegemea, nikaisokota na kuishindilia ndani ya kila njuga kwa kijiti, moja moja, mpaka zote zikanyamaza. Guku aliniuliza mara moja kama nimepeleka. Nikasema nimepeleka. Akauliza kijana alisemaje, nikasema alishukuru. Lori la kiwanda lilikuja kubeba pamba, chumba kikabaki kitupu na baridi, na wiki mbili baadaye, kabla ya mvua za kupandia, Guku akafa mchana akiwa ameegemea ukuta.

Baba hakutuma mtu Maswa. Maduhu alisikia kwa watu, akafika siku ya tatu, kaburi limeshakauka. Aliketi kwenye kigogo nje ya uzio, baba akampita mara mbili na jembe begani kama anayepita kigogo chenyewe. Mama alinituma nimpelekee chakula, ugali na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, iliyoungwa karanga, chakula alichokipenda. Alikula kwa adabu. Akamaliza, akanawa kwenye bakuli nililomshikia, na bila kuinua macho akaniuliza, "Guku alisema chochote juu yangu?" Njuga zilikuwa ndani, hatua ishirini kutoka pale. Nilimtazama mikono yake inavyochuruzika maji. Nilifikiria zile mbio na krosi nilizompa bure Jumapili zote zile, nikafikiria kwamba nikimpa njuga zitakwenda Maswa, zitalia Maswa, na hapa hakutabaki kitu, na mimi ndiye niliyebaki hapa. Nikasema, "Hapana. Hakusema kitu." Akaitikia kwa kichwa. Akashukuru kwa chakula, "Wabeja," kama mgeni, akaenda kungoja lori. Nimejaribu kusema kwamba nilikuwa mtoto. Sikuwa mtoto. Nilizitaka zile njuga, na nilimwonea wivu, na nilifanya nilichofanya nikiwa na akili zangu zote.

Marobota haikuchukua muda. Kiwanda kilisimamisha mambo ya timu, uwanja ukajengwa nyumba, na wanangu walipokua walishika timu za Dar kama watoto wa kila mtu, wanabishana mbele ya televisheni, na mimi sikuwa na cha kuwapa. Ningewapa nini? Kitu chenyewe nilikifungia sandukuni kikiwa kimezibwa mdomo. Maduhu alicheza mpaka magoti yakakataa, akafundisha wanawe, wanawe wakafundisha wa kwao. Baba alimsamehe kiugonjwa-ugonjwa, akiwa kitandani hawezi kugeuka. Sisi wawili tulikutana kwenye harusi na misiba, tukasalimiana vizuri, tukaulizana habari za mvua. Miaka zaidi ya arobaini nilikuwa na nafasi ya kusema, na kila mara nilitafuta namna ya kuanza, chakula kikaletwa, tukala.

Nilifika Binza asubuhi ya maziko. Wanawake walikuwa wamekaa mikekani chumba cha mbele, na wifi yangu Nkwimba, mke wa Maduhu, alikuwa anachambua mchele na wenzake, kwa sababu walipomkataza alikasirika. Nikakaa kando yake nikavuta ungo wangu. Tulichambua kidogo. Akasema kwa sauti ya chini, "Ulijua kwamba mpaka juzi alikuwa anamtaja babu yenu? Eti alikufa amemkasirikia. Mtu mzima na wajukuu wake." Nikachambua mawe mawili, matatu. Halafu nikamwambia. Nilimwambia yote, kwa mpangilio, kama mtu anayesoma risiti, na nikaweka furushi juu ya mkeka kati yetu. Hakulifungua. "Na mimi, wifi," akasema, "nilikuwa nikimtuliza namwambia achana naye, babu yako alikuwa na roho mbaya. Miaka yote nimemsema vibaya marehemu wa watu." Nikamwambia anisamehe. Akasema, "Mchele unaingia maji saa sita. Maliza huo." Nikaumaliza.

Makaburini walitutenga kwa kawaida, ndugu wa marehemu tuliotoka kwao Kasoli upande mmoja, na wengine wote upande wa pili. Timu nzima ya Binza ilikuja na jezi, ya wanaume na ya wasichana, wazee waliocheza naye, wenye maduka, watoto wa shule. Upande wangu tulikuwa mimi, binti yangu na binamu mmoja anayetembelea fimbo. Nilihesabu bila kutaka, ni mazoea ya Jumapili za zamani. Watu walikuwa upande wake. Nilijisikia kitu kifuani kikitaka kusogea, nikasimama nacho, kikatulia tena, na udongo ukaanza kumiminwa.

Tuliporudi nyumbani niliikuta njuga ya kwanza mikononi mwa Mbuke, mjukuu wa Maduhu, msichana wa miaka kumi na sita, bado amevaa jezi yake na soksi. Bibi yake ndiye aliyempa. Alikuwa ameketi kizingitini na pini ya nywele, anachokonoa pamba, anaivuta uzi kwa uzi na kuiweka gotini. Ilitoka nyeupe, kama ya jana, na mbegu zake ndani. Alipomaliza jozi moja aliitikisa. Haikulia. Punje za chuma zilikuwa zimeshikwa na kutu mle ndani. Akaichokonoa na ya pili, akaitikisa, akazigonga kwenye kiganja, akatikisa tena kwa nguvu, na katika njuga zote zile ikalia moja, sauti ndogo, ya chini, na wanawake wote mkekani wakageuza vichwa, na mimi nikasikia machozi yamefika kidevuni kabla sijajua kwamba ninalia.

"Bibi," Mbuke akaniuliza, "hizi ni za timu gani?"

"Ni za babu yako," nikamwambia. "Alipewa. Mimi ndiye sikumfikishia."